Vipimo vya Luanda

Jumapili ya tarehe 14 Februari 2021, Namungo ya Ruangwa ilikuwa icheze na Primeiro de Agosto mjini Luanda, mechi ya kwanza kati ya mbili za kuwania kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Haikuchezwa. Mamlaka za afya za Angola zilisema watu wanne katika msafara wa Namungo, wachezaji watatu na kiongozi mmoja, wamekutwa na virusi vya korona na lazima wawekwe karantini. Mechi ikafutwa, msafara ukarudi nyumbani bila wale wanne, na CAF ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Tarehe 21 Namungo ikashinda 6-2 pale Chamazi. Tarehe 25 ikafungwa 3-1 kwenye uwanja uleule. Jumla 7-5, na timu iliyokuwa kwenye michuano ya Afrika kwa msimu wake wa kwanza ikaingia kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana.

Ukiulizia kisa hiki leo, hayo ndiyo utakayoambiwa, na pengine 6-2 tu. Mimi nataka kuandika habari ya maneno yaliyosemwa katikati, siku ambazo hakuna mpira uliochezwa, kwenye baraza moja la kahawa Kilwa Masoko. Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na niko nyumbani nikisubiri kazi. Nilimsaidia mama dukani. Baraza liko hatua kama tano kutoka dirisha la duka, na mwanamke aliyekaa nyuma ya mizani ya sukari husikia kila kitu bila mtu kumwona kama anasikiliza. Nilikuwa nikiandika vipande vya mabishano yao kwenye kurasa za nyuma za daftari la madeni, kwa kufurahia tu. Miaka miwili baadaye, nikiwa kwenye shahada ya uzamili ya historia, nililitoa lile daftari na kuanza kuwarudia wahusika mmoja mmoja.

Kwanza niseme jinsi baraza lilivyokaa. Kilwa, kama pwani yote ya kusini, mtu huzaliwa Simba au Yanga kabla hajapewa jina. Namungo ilikuwa jambo geni: timu ya mkoa wetu, lakini ya bara ya mkoa, ya Wamwera wa Ruangwa, mlezi wake Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa ambaye alikuwa mbunge wa huko na ambaye uwanja wao una jina lake. Watu wa pwani waliipenda kwa kuikejeli. Na Wayanga walikuwa na kinyongo cha ziada. Mwaka 2020 Simba iliwafunga Yanga 4-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, ikaifunga Namungo 2-1 kwenye fainali Sumbawanga, na kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho ikawa ya Namungo. Kwa hesabu za baraza, Namungo ilikuwa imekalia kiti cha Yanga. Kwa hiyo habari ya Luanda ilipofika, wa kwanza kucheka alikuwa Myanga. Alicheka kama dakika mbili hivi. Halafu akakasirika kuliko wote.

"Wametuwekea," alisema, na tangu hapo Namungo ikawa "sisi".

Hoja zilikuja kwa mpangilio ambao sasa nauona wazi kwenye daftari. Ya kwanza: vijana walipimwa kabla ya kupanda ndege, vipi wafike wazima waumwe uwanja wa ndege? Ya pili: kwa nini wanne tu, na kwa nini wawemo wachezaji watatu wa kutegemewa? Ya tatu ilitoka kwa dereva wa lori aliyekuwa akisubiri mzigo wa chumvi: Primeiro de Agosto ni timu ya jeshi, jina lenyewe ni siku ya jeshi lao, sasa daktari wa serikali atathubutu kuandika nini? Ya nne ilikuwa orodha ndefu ya mateso ya ugenini ambayo kila shabiki wa Afrika anaijua kwa moyo: hoteli isiyo na maji, basi linalochelewa, taa za uwanja wa mazoezi zinazozimwa saa moja kasoro, ngoma zinazopigwa chini ya dirisha la wageni usiku kucha. Korona, walisema, ni ngoma mpya.

Mtu mmoja tu alisimama upande wa pili. Ni fundi baiskeli, mzee wa Kimatumbi anayekaa kwenye kigoda chake mwenyewe kwa sababu hapendi baraza la simenti. "Na kama kweli wanaumwa?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu. Nimeandika hivyo kwenye daftari: swali la fundi, halafu alama ya mstari, halafu mtu anaagiza kahawa.

Nilipokuwa chuoni, katika semina ya historia ya michezo, mwanafunzi mwenzangu aliwasilisha kisa cha Marekani ambacho kilinirudisha moja kwa moja barazani. Januari 18, 2015, timu ya New England Patriots iliifunga Indianapolis Colts 45-7 katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi wenye umbo la yai. Colts walilalamika kwamba mipira ya wenzao ilikuwa imepunguzwa upepo, maana mpira laini hushikika vizuri zaidi, hasa kwenye baridi na mvua. Mwanasoka wa kwetu atashangaa: si wote wanacheza na mpira mmoja? Kwetu ndiyo. Sheria ya pili ya soka inautaka mpira uwe na msukumo wa kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya hewa usawa wa bahari, nafasi pana kabisa, na ukiwa laini ni laini kwa wote. Kule kila timu huja na mipira yake ya kushambulia, na kanuni inataka kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa inchi ya mraba. Pauni moja tu ya nafasi. Hapo ndipo ugomvi ulipopita.

Wakati wa mapumziko waamuzi walipima mipira 11 ya Patriots. Yote ilikuwa chini ya 12.5. Wakapima minne tu ya Colts, muda ukaisha. Walitumia vipimo viwili, na vipimo vyenyewe havikukubaliana: kimoja kilisoma juu kuliko kingine kwa kama theluthi ya pauni. Kwa kipimo kimoja mipira minne ya Colts ilikuwa halali yote. Kwa kingine, mitatu kati ya minne nayo ilikuwa chini ya kanuni. Mwamuzi mkuu alikumbuka kutumia kipimo fulani kabla ya mechi. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Mei 2015 ikahitimisha kwamba alitumia kile kingine. Maprofesa wa fizikia wakaingia, wakieleza kwamba mpira uliojazwa kwenye chumba chenye joto ukipelekwa kwenye baridi lazima upungue msukumo, hakuna haja ya mtu kuutoboa. Ripoti ikasema "yumkini zaidi" wafanyakazi wa Patriots walipunguza upepo, na kwamba nyota wao Tom Brady yumkini alijua. Akafungiwa mechi nne, klabu ikatozwa faini ya dola milioni moja na kupoteza nafasi za kuchagua wachezaji wapya. Jaji akaifuta adhabu Septemba 2015, mahakama ya rufaa ikairudisha Aprili 2016 kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Brady akaitumikia, akarudi, na Februari 2017 akatwaa ubingwa.

Nilichokipenda katika kisa kile ni mashabiki. Wa Boston wakawa wanafizikia usiku mmoja, wakipasha mipira kwenye jiko na kuipoza kwenye friji. Wa miji mingine wakawa wanahistoria: walikumbusha kwamba mwaka 2007 Patriots hawahawa walinaswa wakirekodi kwa kamera ishara za makocha wa wapinzani. Kila upande ulikuwa na kipimo chake, na aliyekuwa na kumbukumbu ya dhuluma ya zamani hakuhitaji kipimo kabisa. Upande wa Boston ulikuwa na hoja moja niliyoisikia pia Kilwa, kwa maneno mengine: kipindi cha pili mipira ilikuwa imejazwa sawasawa, na ndicho kipindi Patriots walichofunga pointi 28 bila jibu, kwa hiyo upepo haukuwa na kazi. Matokeo yanageuzwa kuwa ushahidi.

Nilimweleza fundi baiskeli kisa hiki likizo iliyofuata. Alinisikiliza huku anabonyeza tairi kwa dole gumba, ambalo ndilo kipimo chake. Alisema mambo ya baridi na joto hayamshangazi. Tairi ulilolijaza saa saba mchana juani alfajiri utalikuta limenywea, na mteja atakuja kukuambia umemwibia upepo. "Sasa mjukuu wangu, kosa lao si kupima," akasema. "Kosa ni kupima kwa mtu mmoja."

Kiswahili kina neno moja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyagawa. Kipimo ni kibaba na pishi, ni mizani, ni ile geji ya upepo, na ni kile kijiti kinachoingizwa puani. Ukisema "vipimo vimechezewa" Kilwa, msikilizaji lazima akuulize vipi. Na sidhani kama kuna watu nchini wenye haki ya kuuliza kuliko watu wa pwani ya kusini.

Karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa na pembe, pembe na sandarusi vilipimwa kwa frasila, mzigo wa kama kilo 16, na nafaka kwa pishi na vibaba vyake vinne. Ushuru wa bandari za Sultani wa Zanzibar ulikodishwa kwa wafanyabiashara, na kwa miongo mingi aliyeukodi ni nyumba ya Jairam Shivji. Maana yake aliyepima mzigo forodhani ndiye aliyefaidika na uzito wake. Mtu aliyeshuka na sandarusi kutoka bara hakuwa na frasila yake ya kulinganisha. Alikuwa na macho tu.

Lakini haina haja ya kwenda mbali hivyo, maana baraza halikwenda. Kuna neno lililotajwa mara tisa kwenye kurasa zangu, kwenye mabishano ya mpira, na neno hilo ni kangomba. Asiyetoka Lindi au Mtwara nimweleze. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa chombo badala ya mizani, bakuli au kopo ambalo mnunuzi huja nalo mwenyewe. Msimu haujafika, mtoto anadaiwa sare, mkulima anauza korosho zake mapema kwa kangomba. Chombo kinajazwa kwa kichuguu, na wote wawili wanajua kilichomo kinazidi kile kinachotajwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kusini mwaka 2007 ulikuja kuua hilo: peleka korosho chama cha msingi, zipimwe, upewe stakabadhi, subiri mnada. Kwetu vyama vya Kilwa na Lindi viko chini ya Lindi Mwambao, vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale chini ya RUNALI. Mwaka 2018 mnada ulipokwama kwa bei, Rais Magufuli aliagiza jeshi likusanye korosho na wakulima walipwe shilingi 3,300 kwa kilo, na kabla ya kulipwa mtu alihakikiwa ana shamba kweli au ni mtu wa kangomba. Nakumbuka wazee wakieleza ukubwa wa mashamba yao kwa hatua za miguu mbele ya vijana wenye karatasi. Mkulima aliyezoea kupunjwa na mwenye bakuli sasa alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye si mwenye bakuli.

Kwa hiyo Februari 2021 Myanga wetu aliposema, "Hiyo ni kangomba ya Luanda, wamekuja na kopo lao," hakuna aliyehitaji maelezo. Ilikuwa hoja nzima ndani ya neno moja, na nadhani ndiyo hoja bora kuliko zote zilizotolewa siku zile, hata kwenye redio. Haidai kwamba wale vijana walikuwa wazima. Inasema tu kwamba mpimaji ni mnunuzi.

Shida ni kwamba hoja ile haikukaa peke yake. Pembeni yake kulikuwa na papai.

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alisimulia kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, na papai na mbuzi wakatoka na korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa. Muda si mrefu takwimu zikakoma kutangazwa, zikabaki pale zilipofika: wagonjwa 509, vifo 21. Kwa miezi iliyofuata hakukuwa na namba nyingine. Kwa hiyo baraza lilipobishana kuhusu vipimo vya Luanda, lilikuwa na jibu tayari mfukoni. "Hata papai lilikutwa nayo" ilitosha kumaliza ubishi wowote, na ilisemwa kwa kicheko. Tazama jinsi hoja hizi mbili zinavyofanana kwa nje. Ya kangomba inadai kipimo cha pili, kutoka kwa mtu asiye na maslahi. Ya papai inasema hakuna kipimo. Ukikubali ya papai, huwezi tena kuidai ya kangomba, maana utaomba Waangola warudie kitu ambacho umeshasema ni upuuzi. Barazani zilikaa pamoja bila kugombana, mtu yuleyule akitumia moja asubuhi na nyingine jioni, na kwa muda mrefu nililichukulia hilo kama ushabiki wa kawaida.

Sasa nadhani lilikuwa na maana zaidi. Angalia tarehe. Januari 31 ACT-Wazalendo ilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Februari 14, mechi ya Luanda haikuchezwa. Februari 17, Maalim Seif akafariki. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi. Februari 21, Namungo ikifunga mabao sita Chamazi, ilikuwa ndiyo Jumapili ambayo Rais aliwahimiza watu kuchukua tahadhari na kuvaa barakoa, lakini zilizotengenezwa nchini. Mabishano yetu yote ya mpira yanakaa ndani ya wiki hizo. Na katika wiki hizo, msemo uliokuwa ukisikika kwenye matangazo ya misiba ulikuwa "changamoto ya kupumua".

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikufa kwa changamoto ya kupumua Alhamisi ya tarehe 11. Alikuwa mtu wa baraza lile, Simba wa damu, mahali pake ni pale penye nguzo. Aliugua siku sita. Alijifukiza, akanywa tangawizi na malimao, akapelekwa hospitali siku ya tano, akarudishwa amefunikwa. Hakupimwa. Sisemi hivyo kumlaumu mtu. Msiba ulikuwa mkubwa, watu wakajaa, na siku tatu baadaye, hitma haijapoa, wenzake wakawa barazani wakibishana kwa sauti za juu kama wana Luanda wanagombana na Waangola uso kwa uso: mtu anaweza kuwa na korona bila kukohoa? Anaweza kupimwa leo hana, kesho anayo? Dalili huchukua siku ngapi? Dereva wa lori alijua. Alitaja siku kwa usahihi ambao ulinishangaza, na wengine wakamuuliza maswali ya ziada, ya kina, kuhusu kupumua, kuhusu homa za usiku, kuhusu wazee wenye kisukari. Yote kwa jina la wachezaji watatu wenye miaka ishirini na kitu.

Mama alikuwa ndani anahesabu mifuko ya unga. Aliacha kuhesabu.

Nilipomrudia fundi baiskeli kwa ajili ya utafiti, nilimuuliza bila kuzunguka. Shikamoo babu, nikasema, mlipokuwa mkibishana mambo ya Namungo, mlikuwa mkimkumbuka mjomba? Aliweka bisibisi chini. Alisema walijua wote. Alisema siku ile alipouliza "na kama kweli wanaumwa", aliona nyuso, akajuta kuuliza mbele ya dirisha letu. Nikamuuliza kwa nini basi hawakulizungumza lile la kwetu. Jibu lake nimelinakili kama alivyolitoa: "Ya Luanda ilikuwa na CAF, mwanangu. Unalalamika, kuna mtu anakaa kikao, anatoa uamuzi. Hii ya hapa ungeipeleka kwa nani?"

Nimesoma mambo mengi kuhusu ushabiki tangu nianze masomo haya. Mengi husema mashabiki hubishana kuhusu udanganyifu kwa sababu wanaipenda timu yao kuliko ukweli. Kwa baraza letu sikubaliani nalo. Ubishi ule ulikuwa ndio mahali pekee pa hadhara ambapo maneno karantini, kipimo, dalili na kuambukizana yaliweza kutamkwa na watu wazima kwa saa tatu mfululizo bila mtu kutazama nyuma. Mpira uliwapa ruhusa. Wakitetea kwamba wanne wale ni wazima, walikuwa wakijifunza ugonjwa.

Kuhusu haki ya jambo lenyewe, CAF haikutoa hukumu ya nani alidanganya. Ilihamisha mechi, basi. Kwenye karatasi Agosto ndio waliokuwa wenyeji wa mechi ya tarehe 21, hapohapo Chamazi, kilomita elfu kadhaa kutoka kwao, na 2-6 ile imeandikwa kama kipigo cha nyumbani. Barazani ilipokelewa kama hukumu. "Wameumbuka," walisema, timu inayofungwa sita lazima ilikuwa na sababu ya kuogopa kucheza. Fundi akawaharibia siku nne baadaye, Agosto waliposhinda 3-1. Kama sita zinathibitisha walidanganya, aliuliza, tatu zinathibitisha nini? Akaongeza kwamba Waangola nao huenda wana baraza lao mahali fulani, wanakunywa kahawa yao na kusema wamenyang'anywa mechi ya nyumbani na watu waliokuja na ugonjwa. Hili halikupendwa. Lakini lilizungumzwa, na Myanga yule, ambaye mpaka leo haamini vipimo vya Luanda, alikiri kwamba yeye angekuwa Mluanda angeandamana.

Wiki tatu baada ya mechi ya marudiano, Machi 17, Rais Magufuli naye akafariki, na mambo ya vipimo yakaanza kubadilika taratibu nchini. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani. Takwimu zikarudi. Afrika nzima ugomvi wa aina ya Luanda ukaendelea: Machi 30 Benin walifika Freetown kucheza na Sierra Leone, wakaambiwa wachezaji wao watano wana korona, wakakataa, mechi ikaahirishwa hadi Juni ikachezewa Conakry, Sierra Leone ikashinda 1-0 na kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kwenye kombe hilohilo, Januari 24, 2022, baraza lilijaa kuliko siku ya Namungo. Komoro walikuwa wanacheza na Kameruni, wenyeji, na Kilwa ina damu nyingi ya Ngazija. Kipa Ali Ahamada alikuwa amekutwa na korona, kisha siku ya mechi akapimwa akaonekana hana, lakini akaambiwa kanuni inataka siku tano. Makipa wengine walikuwa majeruhi au wagonjwa. Komoro wakamweka golini beki wa kushoto, Chaker Alhadhur. Kadi nyekundu ikatoka mapema, wakabaki kumi, na bado walifungwa 2-1 tu, bao lao likiwa lile la faulo ya mbali la Youssouf M'Changama lililofanya mtaa mzima upige kelele.

Nilikuwa nyumbani siku hizo na daftari lilikuwa jipya. Mabishano yalifuata njia ileile, ila mtu hakutaja papai. Waligombana kuhusu siku tano: nani aliziweka, na je, mwenye kipimo kinachosema hana azuiwe kwa kalenda? Dereva wa lori alisema hiyo sasa ni dhuluma ya wazi, kipimo kimesema na bado hakisikilizwi. Myanga akasema kanuni ni kanuni, mgonjwa anaweza kupimwa asubuhi hana na mchana anayo, tuliona wenyewe. Alisema "tuliona wenyewe" akanyamaza kidogo, akatazama upande wa nguzo, kisha akaendelea na M'Changama. Fundi hakuchangia. Yeye alikuwa anaitazama jezi ya Alhadhur kwenye luninga, ile namba 3 iliyobandikwa mgongoni kwa utepe, na alitaka kujua ni utepe wa aina gani huo usiobanduka kwenye jasho.